Monjane, mtu aliyeuzidi mtambaa panya

GOLI ni goli. Liwe la uwanja wa shule kule Kigonsera, njiani ukitoka Songea kwenda Mbinga, liwe la Uwanja wa Majimaji, liwe la Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, sheria namba moja ya soka ni ile ile. Kutoka ardhini mpaka chini ya mtambaa panya ni mita 2.44.

Ndiyo maana makipa wanaruka. Kristof Van Hout, Mbelgiji anayetajwa miongoni mwa makipa warefu zaidi waliowahi kucheza soka la kulipwa, ana mita 2.08 na bado mtambaa panya ulikuwa unampita kwa sentimita 36. Juma Kaseja yeye hata urefu wa kutisha hakuwa nao, lakini alikaa langoni miaka na miaka kwa wepesi na kwa kujua wakati wa kutoka.

Sasa vuta picha. Mtu anasimama golini, hajaruka, hajanyoosha mkono, hajavaa hata njumu, halafu utosi wake unapita juu ya mtambaa panya. Sio hadithi ya sungura na fisi. Mtu huyo aliwahi kuwepo, na hakutoka Ulaya wala Marekani. Alikuwa jirani yetu, mtoto wa Msumbiji, nchi iliyo ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Jina lake Gabriel Estêvão Monjane. Urefu wake ulikuwa mita 2.46, yaani goli pamoja na sentimita mbili za juu. Miaka ya mwisho ya 1980, kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtaja kuwa mwanaume mrefu kuliko wote waliokuwa hai duniani.

Hakupata umaarufu huo kwa kudaka wala kwa kufunga mabao ya kichwa. Watu walilipa kiingilio ili wamtazame akiwa amesimama tu. Na wakati dunia ikishangaa kichwa chake kilivyokuwa juu, kitu kilichomfikisha pale kilikuwa kidogo sana, cha ukubwa wa punje ya kunde, kimejificha chini ya ubongo.

MTOTO WA MANJACAZE

Monjane alizaliwa mwaka 1944 Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Ureno.

Manjacaze sio jina geni kwa anayejua historia ya watu wa Ruvuma. Hapo ndipo palikuwa makao ya Gungunhana, mfalme wa mwisho wa dola ya Gaza, aliyekamatwa na Wareno mwaka 1895. Dola hiyo ilianzishwa na Soshangane, aliyekimbia vita vya Shaka kule Uzuluni. Mwenzake aliyekimbia vita hivyo hivyo, Zwangendaba, ndiye aliyewaongoza Wangoni kuelekea kaskazini, na baadhi ya watu wake wakaishia Songea. Kwa hiyo kati ya Manjacaze na Songea kuna undugu wa zamani, ingawa kilomita ni nyingi mno.

Mtoto mwingine wa Manjacaze ni Eduardo Mondlane, aliyezaliwa mwaka 1920. Huyo ndiye rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, na ndiye aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam Februari 3, 1969. Wazee wa mikoa ya Ruvuma na Mtwara wanaikumbuka vizuri vita ile, kwa sababu wapiganaji na wakimbizi walikuwa wanavuka mto kila siku.

Eneo moja, basi, lilitoa watu wawili waliojulikana duniani. Mmoja alijulikana kwa kichwa chake kufikiri. Mwingine alijulikana kwa umbali wa kichwa chake kutoka ardhini.

EUSÉBIO ANAFUNGA, MONJANE ANATAZAMWA

Kumwelewa Monjane vizuri, lazima uielewe Ureno ya wakati ule. Ilikuwa nchi ndogo yenye makoloni makubwa, na kila chenye thamani kilichopatikana kwenye makoloni kilisafirishwa kwenda Lisbon. Mashabiki wa soka wanaijua sehemu moja ya habari hii kwa sababu ya Eusébio.

Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mwaka 1942. Ni miaka miwili tu kabla ya Monjane. Desemba 1960 alitua Benfica, na mwaka 1962 akafunga mabao mawili kwenye fainali ya Kombe la Ulaya, Benfica ikiichapa Real Madrid 5-3. Kombe la Dunia 1966 kule Uingereza alipachika mabao tisa na kuwa mfungaji bora, manne kati ya hayo akiwafunga Korea Kaskazini kwenye mechi moja. Nahodha wa Ureno siku zile alikuwa Mário Coluna, naye Mmsumbiji. Beki Hilário na kiungo Vicente walitoka huko huko. Ureno ilimaliza ya tatu duniani ikiwa imebebwa na miguu ya Msumbiji.

Monjane naye alipelekwa Ureno enzi hizo hizo za ukoloni, ila kwa njia nyingine. Eusébio alikuwa anaingia uwanjani na jezi. Monjane aliingizwa kwenye maonyesho. Waliompeleka walimtangaza kama Jitu la Manjacaze, na watu wakapanga foleni.

Mara nyingi alisimamishwa pamoja na Mreno mmoja mfupi mno, António Ferreira wa Arcozelo, maarufu kwa jina la Toninho, aliyekuwa na urefu wa sentimita 75 hivi. Guinness ilimworodhesha huyo pia, upande wa watu wafupi kabisa. Mtaji wote wa biashara ulikuwa hapo. Mmoja anamfikia mwenzake chini ya goti au juu yake kidogo, watazamaji wanacheka, kiingilio kinaingia. Wawili hao walipishana mwaka mmoja kuzaliwa, na walikuja kufariki wakifuatana pia, Toninho mwaka 1989 na Monjane Januari 1990.

Kwenye biashara ya maonyesho ya aina ile, urefu wa mtu ulikuwa unaongezwa kwenye matangazo kama promota wa ngumi anavyoongeza rekodi ya bondia wake. Kwa Monjane hata hakukuwa na haja. Mita 2.46 zilikuwa zinatosha kabisa kumshtua mtu yeyote.

Jambo la kutafakari ni hili. Mchezaji akienda timu kubwa, kitu cha kwanza ni vipimo vya afya. Goti linapigwa picha, moyo unasikilizwa, damu inachukuliwa. Timu inataka kujua ndani ya mwili kuna nini kabla haijatoa pesa. Kwa watu wa maonyesho mambo yalikuwa kinyume. Ugonjwa ndio uliokuwa bidhaa, na anayeuza bidhaa hana haraka ya kuiondoa sokoni.

PUNJE YA KUNDE INAVYOPINDUA MCHEZO

Watu wengi warefu hawana ugonjwa wowote. Baba mrefu, mama mrefu, mtoto anafuata. Lakini mtu akifikia urefu wa aina ya Monjane, madaktari wanajua sababu yake karibu kila mara ni moja: uvimbe kwenye tezi ya pituitari.

Tezi hii iko chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, na ukubwa wake ni kama kunde. Ni ndogo lakini ndiyo kocha wa mwili. Inatoa maelekezo kwa tezi nyingine, na moja ya kazi zake ni kutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo inakwenda kwenye ini, nalo ini linatengeneza kemikali nyingine inayoitwa IGF-1, ambayo ndiyo inayoiambia mifupa na nyama za mwili zikue.

Kwa kawaida kocha anajua wakati wa kusema inatosha. Tatizo linaanza pale uvimbe unapoota kwenye tezi hiyo. Uvimbe huu karibu wote sio saratani. Hauhami kwenda sehemu nyingine za mwili. Ila unatoa homoni bila kusikiliza mtu, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka.

Ukianza utotoni, wakati ncha za mifupa hazijafunga, mtoto anarefuka bila kusimama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mmarekani Robert Wadlow, mrefu kuliko wote kwenye kumbukumbu za kitabibu, aliyefikia mita 2.72 na kufariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22 tu. Kilichomuua ni maambukizi yaliyotokana na lengelenge mguuni, pale kifaa cha chuma cha kumsaidia kutembea kilipokuwa kinamkwaruza.

Ukianza ukubwani, mifupa ikiwa imeshafunga, mtu harefuki tena bali anapanuka. Viganja vinakuwa vikubwa, pete haivuliki. Viatu vinabana kila baada ya muda. Taya linatokeza, meno yanaachana, ulimi unanenepa, paji la uso linajitokeza. Hali hii inaitwa akromegali, jina lililotolewa na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Kila mwaka, kwenye watu milioni moja, wanaogundulika ni watatu au wanne hivi. Kwa sababu mabadiliko yanakuja taratibu, mgonjwa anaweza kukaa miaka mitano mpaka kumi kabla mtu yeyote hajajua ni ugonjwa. Ndugu wanaoishi naye hawaoni. Anayeona ni yule aliyepotezana naye miaka mingi.

Na sio sura tu. Uvimbe ukikua unakandamiza mishipa ya macho, mtu anaanza kutoona pembeni. Kichwa kinauma mara kwa mara. Sukari inapanda, presha inapanda, usingizi unakuja na mkoromo wa kukata pumzi. Moyo nao ni msuli, nao unanenepa mpaka unachoka. Viungo vinasagika. Mtu ambaye kila anayemwona anadhani ana nguvu za ajabu, mara nyingi anatembea kwa maumivu.

MWENZAKE WA TRIPOLI

Kuna Mwafrika mwingine ambaye ukimweka pembeni ya Monjane unaielewa stori hii vizuri zaidi. Anaitwa Suleiman Ali Nashnush, wa Tripoli, Libya. Alizaliwa mwaka 1943, mwaka mmoja kabla ya Monjane. Urefu wake mita 2.45, sentimita moja pungufu ya Monjane. Naye alikuwa anaupita mtambaa panya.

Kama ni droo, hawa wawili walitoka kwenye chungu kimoja. Bara moja, umri mmoja, ugonjwa wa aina moja. Kilichowatofautisha ni mwaka 1960, Nashnush alipofanyiwa upasuaji Roma, Italia, kwa ajili ya kuudhibiti ukuaji wake uliopitiliza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1962, Nashnush alikuwa anaichezea timu ya taifa ya Libya ya kikapu. Anatajwa mpaka leo kuwa mmoja wa wachezaji warefu zaidi kuwahi kugusa mpira wa kikapu. Mwaka 1969 alionekana hata kwenye filamu ya Satyricon ya Mwitaliano Federico Fellini.

Hakuna anayesema upasuaji ule ulimfanya awe mzima kama wewe. Alifariki Tripoli Februari 1991 kwa matatizo ya moyo, akiwa hajafikisha miaka 50. Ila tofauti ipo na ni kubwa. Mmoja alipata daktari, akavaa jezi ya taifa lake. Mwingine alipata promota.

Wapenzi wa mieleka nao wana mtu wao. André the Giant, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1946, alikuwa na akromegali. Watu wanamkumbuka kwa pambano lake na Hulk Hogan kwenye WrestleMania III, Machi 1987. Wachache wanajua kwamba siku ile alipanda ulingoni akiwa na mgongo uliokuwa umefanyiwa upasuaji na viungo vilivyochakaa. Madaktari walimweleza ugonjwa wake mapema, naye hakutaka kutibiwa. Januari 1993 alikwenda Ufaransa kumzika baba yake, akafia usingizini hotelini Paris kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Alikuwa na miaka 46.

Monjane 45 au 46, André 46, Nashnush 47 au 48. Watatu hao walikuwa na miili mikubwa kuliko karibu kila mtu, na hakuna aliyeona miaka 50.

UVIMBE UNAZAA HOFU YA UVIMBE

Hapa ndipo kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Hata uvimbe wa kwenye tezi ukiwa sio saratani, ile homoni inayomwagika mwilini ina madhara mengine. IGF-1 kazi yake ni kuziambia chembe za mwili zigawanyike ziwe nyingi. Chembe zikigawanyika kupita kiasi kwa miaka mingi, nafasi ya makosa inaongezeka, na chembe zenye makosa haziondoki inavyotakiwa. Ni kama timu inayocheza mechi kila siku bila kupumzika. Kadi na majeraha yatakuja tu.

Sehemu ambayo madaktari wanaitazama kwa karibu zaidi ni utumbo mpana. Watu wenye akromegali wanaota vijinyama ndani ya utumbo mara nyingi kuliko watu wengine, na baadhi ya vijinyama hivyo vikiachwa miaka vinaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana mgonjwa akishagundulika anashauriwa aangaliwe utumbo kwa kamera, ili kinachoonekana kiondolewe mapema. Sehemu ya pili ni tezi ya shingo, ambayo nayo hupata vinundu.

Watafiti wanabishana kuhusu ukubwa wa hatari ya saratani kwa ujumla. Wapo wanaosema ni kubwa, wapo wanaosema imepanda kidogo tu. Wanachokubaliana ni kwamba homoni ikishushwa ikafika kiwango cha kawaida, maisha yanarefuka. Zamani wagonjwa wengi waliondoka kwa moyo kabla hata ya kufika umri wa saratani. Siku hizi, kwenye nchi ambazo moyo unatibiwa vizuri, saratani imepanda kwenye orodha ya vinavyowaua.

Upande wa pili wa sarafu upo Ecuador, Amerika Kusini. Kule kwenye vijiji vya milimani kuna watu wafupi sana ambao miili yao ina homoni ya ukuaji lakini haiisikii. Wana ugonjwa wa kurithi unaoitwa Laron. Mwaka 2011 watafiti waliowafuatilia watu hao, 99 kwa jumla, kwa zaidi ya miaka 20 walitoa matokeo: saratani ilionekana kwa mmoja tu, naye haikumuua, wakati ndugu zao wa urefu wa kawaida walipata saratani kama watu wengine. Ukiweka Ecuador upande mmoja na akina Monjane upande mwingine, unaona wazi kwamba homoni hii sio ya kuchezea.

VIPI KUHUSU MESSI?

Shabiki ataruka hapa aulize habari za Messi. Swali ni zuri.

Lionel Messi alikuwa na tatizo la kinyume. Tezi yake ilitoa homoni pungufu, ikagundulika akiwa na miaka kama 11 kule Rosario, Argentina. Akaanza kuchomwa sindano za homoni, na alipokwenda Barcelona mwaka 2000 akiwa na miaka 13, klabu ikabeba gharama. Leo ana mita 1.70 hivi, na kila mtu anajua amefanya nini na urefu huo.

Messi alirudishiwa kile alichokosa, kwa kipimo, chini ya macho ya madaktari. Watoto wanaotibiwa hivyo wamefuatiliwa miaka mingi, na kwa wale ambao hawakuwahi kuwa na saratani kabla, majibu kwa ujumla yanatia moyo. Dozi ya kujaza pengo ni kitu kimoja, mafuriko ni kitu kingine.

Wanaohitaji kuelewa hili haraka ni vijana wanaodanganywa kwamba sindano ya homoni itawapa urefu na misuli. Homoni ya ukuaji imo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, na vipimo vya kuinasa vilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Ukishavuka umri wa kukua, ncha za mifupa zikafunga, sindano haikuongezi hata sentimita moja. Inachoweza kukupa ni kile kile alichokuwa nacho André: viganja vikubwa, sukari na moyo ulionenepa. Mtu mzima na akili zake analipa pesa anunue ugonjwa ambao Monjane aliupata bure na akautumikia maisha yake yote.

KURUDI NYUMBANI, NA MWISHO

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Furaha haikudumu. Mwaka 1977 vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na RENAMO ilianza, ikaenda mpaka mwaka 1992. Gaza ni moja ya mikoa iliyoumia. Agosti 1987 mji wa Manjacaze wenyewe ulivamiwa na raia wengi wakauawa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya moto ambapo jina la Monjane lilikuwa kwenye kitabu cha Guinness, likisomwa na watoto wa shule London na New York. Kitabu kilisema urefu wake. Hakikusema kuhusu hospitali, kwa sababu nchi iliyokuwa inachomewa zahanati haikuwa na nafasi ya kuufikia uvimbe ulioko chini ya ubongo.

Januari 1990 Monjane alianguka nyumbani kwake Manjacaze. Mtu wa mita 1.70 akianguka, anainuka anajipangusa vumbi. Mtu wa mita 2.46, mwenye mifupa na viungo vilivyobebeshwa mzigo ambao havikuumbwa kuubeba, anaanguka kutoka mbali. Hakupona. Mtu mrefu kuliko wote duniani aliondoka kwa kuanguka ndani ya nyumba yake.

Vita iliisha miaka miwili baadaye. Eusébio alipofariki Januari 2014, Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Monjane hakupata kitu kama hicho. Alibaki kwenye orodha ya namba, mstari mmoja, jina na sentimita.

MITA 2.44 ZA LEO

Dunia ya tiba imebadilika sana tangu wakati ule. Leo uvimbe wa pituitari unatolewa kwa kupitia puani, bila kupasua fuvu. Zipo sindano za kushusha homoni, na ipo mionzi kwa uvimbe uliogoma. Mturuki Sultan Kösen, mwenye mita 2.51 na aliyewahi kucheza kikapu ujanani, alitibiwa kwa mionzi Virginia, Marekani, mwaka 2010, na baadaye ukuaji wake ukasimama. Yeye alivuka miaka 40, anasafiri, anaishi.

Tanzania nayo haiko kama Manjacaze ya mwaka 1987. Mtu aliyeko Kigonsera, Mbamba Bay au Lituhi anaanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, anapanda hospitali ya Mbinga, Songea, Litembo au Peramiho, na ikibidi anapewa rufaa kwenda Muhimbili, ambako kuna madaktari wa homoni na jirani yao MOI wapo wapasuaji wa ubongo. Safari ni ndefu na nauli sio ndogo, lakini kipimo cha kwanza ni cha damu tu, cha kuangalia IGF-1. Kikiwa juu, ndipo picha ya kichwa inafuata.

Kwenye viwanja vyetu, mtoto akirefuka ghafla kitu cha kwanza kinachofanyika ni kupewa glovu au kuhamishiwa namba tano. Sio vibaya. Soka linahitaji warefu, na wengi wao wamerithi tu kwa wazazi. Mwalimu wa timu ya shule ndiye anayemwona mtoto huyo jioni nne au tano kwa wiki, pengine kuliko hata baba yake. Ndiye anayejua kwamba njumu za Januari zilikuwa hazimwingii tena Aprili, na za Agosti nazo hazifai. Ndiye anayejua kwamba kijana anakatisha mazoezi kwa kichwa kuuma, na kwamba krosi zinazotoka pembeni hazioni mpaka zimemfikia usoni. Urefu peke yake sio ugonjwa. Urefu usiosimama, pamoja na kichwa kuuma na macho kufifia, ni wa kupelekwa hospitali kabla ya kupelekwa kwenye majaribio ya timu.

Monjane hakuwa na mwalimu wa aina hiyo. Alipimwa mara nyingi maishani mwake, kila alikopelekwa, na kila aliyempima alishika futi ya kupimia urefu. Hakuna rekodi iliyowahi kumpa umaarufu kwa kipimo cha damu.